Tom Mboya na deni la wazee lililosogezwa mbele

JINA la Thomas Joseph Mboya hutajwa zaidi kwa mambo mawili: ndege zilizowapeleka vijana wa Kenya vyuoni Marekani, na risasi zilizomwangusha katikati ya jiji la Nairobi. Ni wachache wanaokumbuka kwamba wizara yake ndiyo iliyoweka katika maandishi ahadi ya serikali ya kuwakimu wazee. Ahadi hiyo ingali inawahusu wakazi wa Waithaka, magharibi mwa jiji, ambako mzee asiyeweza kuinuka kitandani hutegemea binti au mkaza mwana, na hakuna bima ya umma inayomlipa mtunzaji huyo hata senti.

Mboya alizaliwa Agosti 15, 1930, Kilimambogo, katika shamba la mkonge alikofanya kazi baba yake, Leonardus Ndiege, aliyetoka kisiwa cha Rusinga. Mwanzo huo wenyewe waeleza mengi kuhusu uchumi wa kikoloni. Kibarua alipewa mahali pa kulala maadamu alikuwa na nguvu. Nguvu zikiisha alitarajiwa kurudi kwao, akalishwe na ardhi na wanawe. Hayo ndiyo yaliyokuwa malipo yake ya uzeeni.

Baada ya shule za misheni, ya mwisho ikiwa Mang'u, alijiunga mwaka 1948 na mafunzo ya ukaguzi wa afya. Sehemu ya mafunzo hayo aliyapata katika Shule ya Jeanes, Kabete, ambako wenzake walimchagua kuwa kiongozi wa wanafunzi. Kutoka Kabete hadi Waithaka si mbali, lakini wakati huo Waithaka haikuwa Nairobi. Ilikuwa upande wa Kiambu, na tegemeo la mzee wa pale lilikuwa shamba na wanawe. Ni mwaka 1963, mipaka ya jiji ilipopanuliwa, ambapo Dagoretti yote ilimezwa na Nairobi na wazee hao wakageuka wakazi wa mji bila kuhama.

Kazi ya mkaguzi wa afya katika baraza la jiji ilikuwa kuingia majumbani na madukani. Nyumba nyingi walizojengewa wafanyakazi Waafrika zilikuwa vyumba vya mwanamume mpweke. Mke, watoto na wazazi walihesabiwa kuwa mzigo wa mashambani. Mboya mwenyewe alilipwa sehemu ndogo tu ya mshahara wa mwenzake Mzungu aliyefanya kazi iyo hiyo. Haikupita muda akawa kiongozi wa chama cha wafanyakazi wa baraza hilo, na mwaka 1953, viongozi wengi wakiwa kizuizini kwa sababu ya hali ya hatari, akashika ukatibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi nchini.

Mwaka 1954 kamati iliyoongozwa na Carpenter ilikiri kwamba mshahara wa Mwafrika ulikadiriwa kwa mahitaji ya mtu mmoja, ikapendekeza ukadiriwe kwa familia. Ni hoja ambayo Mboya aliishikilia. Mwaka uliofuata alisimamia mazungumzo ya mgomo wa makuli wa bandari ya Mombasa, kisha akaenda kusoma katika Chuo cha Ruskin, Oxford. Mambo yalimwendea mbio: mbunge wa Nairobi mwaka 1957, mwenyekiti wa kongamano la Waafrika wote mjini Accra mwaka 1958, katibu mkuu wa Kanu mwaka 1960, Waziri wa Leba mwaka 1962.

Kiini cha habari hii kiko mwaka 1965. Akiwa Waziri wa Mipango ya Uchumi, Mboya aliwasilisha Waraka wa Kikao Nambari 10 kuhusu Ujamaa wa Kiafrika. Waraka ulichukua desturi ya jamaa kusaidiana na kuipanua iwe wajibu wa taifa zima. Ulitangaza lengo la serikali: matibabu, malipo kwa wazee na walemavu, elimu ya msingi ya bure, msaada kwa wasio na ajira. Hapo hapo ukaonya kwamba kuyatoa yote kwa wakati huo kungefilisi nchi. Uchumi ukue kwanza.

Kwa mwaka ule hesabu hiyo haikuwa ya kipuuzi, kwani taifa lilikuwa changa na maskini. Hata hivyo Barack Obama, baba wa aliyekuwa rais wa Marekani na rafiki yake Mboya, aliukosoa waraka huo waziwazi mwaka huo huo katika jarida la East Africa Journal, akihofia mali kusalia mikononi mwa wachache.

Mwaka huo pia ilipitishwa sheria ya Hazina ya Kitaifa ya Malipo ya Uzeeni, NSSF, na mwaka 1966 ikafuata ile ya bima ya hospitali, NHIF. Si haki kumpa Mboya sifa zote za sheria hizo, kwani zilisimamiwa na wizara nyingine. Lakini zote mbili zilianzia kwa mwenye hati ya mshahara. Mkulima, mama wa sokoni na fundi wa jua kali hawakuwamo. Hata aliyekuwamo katika NSSF alipewa akiba yake kwa mkupuo mmoja, na fedha za mkupuo huisha kabla ya uzee kwisha.

Jumamosi, Julai 5, 1969, Mboya alipigwa risasi alipokuwa akitoka katika duka la dawa la Chaani, barabara ya Government, ambayo sasa ni Moi Avenue. Alikuwa na umri wa miaka 38. Alizikwa Rusinga.

Angetimiza miaka 70 Agosti 2000. Aprili ya mwaka huo Japani ilianzisha bima ya lazima ya utunzaji wa wazee, ambayo kila mkazi aliyefikisha miaka 40 huichangia, na kodi hubeba takriban nusu ya gharama. Ujerumani ilikuwa imeanza mwaka 1995, na huko jamaa anayemtunza mzee nyumbani aweza kupata malipo. Hizo ni nchi tajiri zenye wazee wengi. Kenya ilihesabu takriban watu milioni 2.7 wa miaka 60 na zaidi katika sensa ya 2019.

Katiba ya 2010, kifungu cha 57, inawapa wazee haki ya kupata utunzaji kutoka kwa familia na serikali. Tangu 2018 mpango wa Inua Jamii ulipanuliwa uwafikie wote wenye miaka 70 na zaidi wasio na pensheni, kwa Sh2,000 kwa mwezi, fedha ambazo mara nyingi zimechelewa. NHIF nayo ilipisha bima mpya ya afya Oktoba 2024, na mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Bima hiyo hulipa hospitali. Huko Waithaka, ambako mashamba yamegawanywa hadi yakawa ploti za vyumba vya kupangisha, anayeacha kibarua ili amwoshe na kumlisha mama yake hana fungu katika hazina yoyote kati ya hizo.