Mtakatifu Monika Alinyamaza, Lakini Alinyamaza Vipi?



Huko Chakol, katika nchi ya Wateso, si mbali na mipaka ya Busia na Malaba, jina la Monika si geni. Shule ya sekondari ya wasichana inaitwa kwa jina lake, na kina mama wengi wamebatizwa kwa jina hilo. Kwa hiyo ni rahisi mtu kudhani kwamba anamjua. Ndoa inapoingia matata, huwa inakuwa hivi: mama anafika kwenye jumuiya ndogo ndogo jicho limevimba, kitambaa amekivuta mpaka kwenye paji la uso. Wenzake wanamhurumia. Kisha mmoja anafungua Biblia, Waraka wa Kwanza wa Petro, sura ya 3, pale wake wanapohimizwa kuwatii waume ili wasioliamini Neno wavutwe na mwenendo wao, bila maneno. Anakumbushwa pia Mtakatifu Monika, aliyenyamaza mpaka mumewe akaongoka. Basi mama anarudishwa nyumbani akavumilie.

Tumtazame Monika mwenyewe tangu mwanzo, maana mara nyingi anasimuliwa nusu.

Alizaliwa karibu mwaka 331 huko Tagaste, Afrika ya Kaskazini, mji ambao leo ni Souk Ahras nchini Algeria. Wazazi wake walikuwa Wakristo. Yote tunayoyajua juu yake tumeyapata hasa kwa mwanawe, Mtakatifu Augustino, ambaye hakuficha hata makosa ya mama yake. Alipokuwa msichana mdogo, Monika alikuwa akitumwa kuteka divai kwenye pipa. Akaanza kuonja kidogo tu, kwa mchezo wa kitoto. Kesho akaongeza, keshokutwa akaongeza tena, hata akawa anamaliza vikombe karibu vijae. Mnaojua namna watu wazima wanavyokaa kuzunguka chungu cha ajon, kila mtu na mrija wake, na mtoto akitumwa kuongeza maji ya moto, mtaelewa kwamba jambo hilo halina umbali. Siku moja kijakazi aliyegombana naye akamwita mlevi. Tusi likamchoma Monika, akaacha kabisa. Kijakazi alitaka kumuumiza tu, si kumwongoza.

Alipofikia umri aliozwa kwa Patrisio, diwani wa mji, mtu wa mali kidogo na asiyekuwa Mkristo. Patrisio alikuwa na moyo mwema, lakini hasira yake ilikuwa kama moto wa nyasi kavu. Tena hakuwa mwaminifu kwa ndoa. Monika aliyajua hayo na hakufanya ugomvi juu yake, bali alimwombea.

Hapa ndipo wengi wetu hukomea. Augustino anaendelea. Anasema kwamba mama yake hakubishana na mumewe wakati hasira imepanda, kwa neno wala kwa tendo. Lakini hasira ikiisha kupoa, alimketisha na kumweleza sababu ya yale aliyoyafanya. Kumbe kunyamaza kwake kulikuwa na saa yake, na kusema kulikuwa na saa yake. Alichagua wakati ambao mtu anaweza kusikia.

Na kuna jambo la pili, ambalo nawaomba wenzangu wa jumuiya walisome mara mbili. Wake wengi wa Tagaste walikuwa na alama za kipigo usoni, na walimstaajabia Monika kwa kuwa haikusikika kamwe kwamba Patrisio alimpiga. Mtakatifu tunayemtaja ili kumrudisha mama aliyepigwa alikuwa mke asiyepigwa. Maisha yake hayawezi kutumiwa kama fundisho la kustahimili fimbo.

Nisiwafiche, yako maneno yake yanayotusumbua leo. Aliwaambia wake wale, nusu kwa utani, kwamba siku waliposomewa hati ya ndoa walifanywa watumishi wa waume zao, hivyo wasijikweze mbele ya mabwana. Hiyo ilikuwa sheria na desturi ya Warumi, ambamo Monika alizaliwa na kuolewa. Haikuwa Injili. Mtakatifu naye ni mtoto wa zama zake, na si kila alilolisema lilitoka mbinguni. Huku Kenya Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 45, inawapa mume na mke haki sawa katika ndoa, na hati inayosomwa siku ya harusi haimfanyi mtu yeyote mtumwa.

Basi turudi kwa Petro. Anayeishia mstari wa kwanza amelikata Neno katikati. Mtume aliwaandikia wake ambao baadhi yao waume zao walikuwa bado wapagani, akiwapa njia ya kuwavuta. Ukishuka mpaka mstari wa 7 utakuta mume naye anaagizwa akae na mkewe kwa akili na kumpa heshima, kwa kuwa ni mrithi pamoja naye wa neema ya uzima, sala zao zisije zikazuiliwa. Kwa hiyo baba anayempiga mkewe Jumamosi jioni na kushika rozari Jumapili asubuhi, Petro anamwambia kwamba sala yake ina kizuizi. Kwa nini mstari huo hausomwi kwenye jumuiya? Nadhani ni kwa sababu unamgusa asiyehudhuria. Hata Paulo, kabla ya kuwaambia wake watii katika Waefeso sura ya 5, anawaambia wote watiiane kwa kumcha Kristo, na mume anapewa kipimo kizito zaidi, yaani Kristo aliyejitoa kwa ajili ya Kanisa.

Kusoma hivyo Monika na mwanawe walikuja kukusikia Milano. Augustino aliyezaliwa mwaka 354 alikuwa amemtoa mama yake machozi miaka mingi. Alifuata dini ya Wamani, waliodharau Agano la Kale na kuwacheka kina Abrahamu kwa wake zao wengi, na huku yeye mwenyewe aliishi na mwanamke bila ndoa, wakazaa mtoto. Mwaka 383 alimdanganya mama yake pale Kartago akapanda meli usiku kwenda Roma. Monika alivuka bahari kumfuata, akamkuta Milano. Huko Askofu Ambrosi alihubiri kwamba andiko likishikwa kwa herufi yake tu laweza kuua, ila kwa Roho lahuisha. Augustino aliona vitendawili vyake vikifunguka kimoja kimoja. Alibatizwa katika mkesha wa Pasaka mwaka 387. Baadaye, katika kitabu alichokianza karibu mwaka 396, alitoa kipimo ambacho kila jumuiya ingefaa kukishika: anayedhani ameyaelewa Maandiko, lakini maana aliyoipata haijengi upendo wa Mungu na wa jirani, bado hajayaelewa.

Monika mwenyewe alikubali kufundishwa. Kwao Afrika alikuwa amezoea kupeleka uji, mkate na divai kwenye makaburi ya mashahidi. Huko Milano bawabu akamzuia, akamwambia askofu amekataza, kwa sababu ya walevi na kwa kuwa desturi ilifanana na matambiko ya wapagani. Aliacha mara moja, bila kununa, na vile alivyokuwa akivibeba akawapa maskini. Lakini pia alikosea. Alimtafutia Augustino mchumba wa heshima, aliyekuwa bado hajafikia umri wa kuolewa, na yule mwanamke wa miaka mingi akarudishwa Afrika peke yake, mwanawe akibaki kwa baba. Sioni namna ya kulipamba jambo hilo.

Nyumbani kwa Patrisio mambo yalikuwa yameisha kwa amani. Mama mkwe, ambaye mwanzoni alichochewa na wajakazi, alishindwa na upole wa Monika hata akawa upande wake. Monika hakuwa mtu wa kubeba maneno: akisikia wawili waliogombana wakisemana, alimfikishia kila mmoja yale tu yanayopatanisha. Patrisio alibatizwa mwishoni mwa maisha yake, akafa karibu mwaka 371.

Mama yangu wa jicho lililovimba, saa ya kusema imefika. Sema na paroko, na jamaa unaowaamini, na ikibidi chifu au polisi. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1153, inamruhusu mwenzi anayehatarishwa vikali, yeye au watoto, kuondoka, na hatari ikiwepo katika kukawia aweza kuondoka hata kabla ya uamuzi wa askofu. Baba Mtakatifu Fransisko aliandika mwaka 2016, katika namba 241 ya waraka wake juu ya furaha ya upendo, kwamba mara nyingine kutengana kwaweza kuwa lazima. Kuombea mume kunawezekana hata ukiwa chini ya paa la ndugu yako.

Monika aliugua homa huko Ostia, bandari ya Roma, mwaka 387, wakingoja meli ya kurudi Afrika. Alikuwa katika mwaka wa 56 wa maisha yake. Miaka mingi alikuwa ametengeneza mahali pa kuzikwa kando ya Patrisio, na mwanawe mwingine, Navigio, alisikitika kwamba mama atafia ugenini. Kwetu, ambako marehemu husafirishwa usiku kucha ili alazwe kwao, tunaelewa. Aliwaambia wauzike mwili popote, wasisumbuke, ila wamkumbuke kwenye altare ya Bwana. Wakamzika Ostia. Mwaka 1430 masalia yake yakahamishiwa Roma.