Nduna Songea Mbano: Mzee Aliyeupa Mji Wetu Jina

Kila mwaka katika kijitabu hiki tunamkumbuka mmoja wa wazee waliotutangulia. Mwaka huu tumemchagua yule ambaye jina lake tunalitaja kila tunapoulizwa kwetu ni wapi, lakini maisha yake wengi wetu tunayajua nusu nusu.

Kabla ya kuwa mji, Songea ilikuwa kijiji cha nduna, chini ya milima ya Matogoro, mahali unapoanzia Mto Ruvuma. Wangoni walifika nchi hii katikati ya karne ya 19, baada ya safari ndefu iliyoanzia kusini mwa Afrika chini ya Zwangendaba na kuvuka mto Zambezi mwaka 1835. Njiani walichukua watu wa makabila mengi, na walipofika huku waliwakuta Wandendeule na wenyeji wengine. Ukatokea utawala wa Nkosi wawili: Njelu upande wa kusini na Mshope upande wa kaskazini.

Songea Mbano hakuwa Nkosi. Alikuwa nduna wa Njelu, yaani kiongozi wa vita na mtawala wa eneo lake. Hata hivyo nguvu zake zilikuwa kubwa kiasi kwamba wageni walimtafuta yeye kwanza. Wafanyabiashara wa pwani walifika hapa kutafuta pembe za ndovu na watumwa. Jambo hili tunaliandika bila kuficha. Vikosi vya manduna vilivamia vijiji vya majirani, na wengi wetu tunaosoma kijitabu hiki ni wajukuu wa waliovamia na pia wa waliovamiwa. Kumheshimu mzee wetu si kusema kwamba hakuwaumiza watu.

Mwaka 1897 Wajerumani walijenga boma katika eneo lake, na kituo chao kikaitwa kwa jina lake. Aliyekuwa akipokea kodi sasa akatakiwa kuitoa. Watu wakalazimishwa kufanya kazi bila hiari yao, na manduna wakanyimwa madaraka waliyoyazoea.

Julai 1905 vita vya Majimaji vilianza Umatumbi, na baada ya wiki chache habari za dawa ya maji zikafika Ungoni. Nkosi Mputa Gama wa Njelu na Nkosi Chabruma wa Mshope waliingia vitani, na Songea akawa miongoni mwa viongozi wakuu. Misheni ya Peramiho ilichomwa moto. Lakini maji hayakuzuia risasi. Oktoba mwaka huo jeshi la Wajerumani lilivunja nguvu za Njelu pale Namabengo, na kuanzia hapo wapiganaji walijificha porini kwa makundi madogo. Chabruma alivuka Ruvuma na kuingia nchi iliyotawaliwa na Wareno, akafia huko.

Wajerumani walichoma maghala na mashamba, ili njaa imalize kile ambacho bunduki hazikukimaliza. Ndivyo ilivyokuwa. Katika eneo zima la vita, njaa iliua watu wengi kuliko risasi.

Tarehe 27 Februari 1906 Nkosi Mputa na wenzake kadhaa walinyongwa hapa Songea na kuzikwa katika kaburi moja la pamoja. Wazee wetu wanasimulia kwamba Wajerumani walitaka kumwacha hai Songea, na kwamba yeye alikataa kubaki baada ya wenzake kufa. Siku chache baadaye naye akanyongwa. Kaburi lake liko peke yake, na inasimuliwa kwamba kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani.

Watawala waliendelea kubadilika. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani waliondoka, Waingereza wakachukua nafasi yao, na mwaka 1961 tukapata Uhuru. Kila serikali iliyokuja iliacha mji uitwe Songea. Kijiji cha nduna leo ni makao makuu ya Mkoa wa Ruvuma, na kila Februari tunakusanyika kwenye Makumbusho ya Majimaji kuwakumbuka mashujaa.

Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika kwenye makumbusho hayo, akakutana na ukoo wa Mbano na kuomba msamaha kwa yaliyotendeka. Aliahidi pia kwamba nchi yake itasaidia kukitafuta kichwa cha Nduna Songea. Ukoo umesubiri kwa zaidi ya miaka mia moja, na sisi tunasubiri pamoja nao.

Ndugu zetu mlioko Dar es Salaam, Dodoma, Mbeya na ng'ambo: mwacha asili ni mtumwa. Watoto wetu wanalitaja jina la Songea kila siku, lakini ni wachache wanaoweza kusimulia habari zake. Wazee wanaokumbuka simulizi za bibi na babu zao wanapungua mwaka hadi mwaka. Mchango wenu wa mwaka huu, uwe mkubwa au mdogo, ni wa kuwafikishia watoto hao elimu wangali shuleni, na kuziandika simulizi hizo wenye kuzijua wangali nasi. Nyumbani hapajengwi na wageni. Tushikamane.