James Baskett: Aliyempa Sungura sauti, akafungiwa mlango wa sinema

Hebu tuanze na Sungura. Kama ulikulia Kenya hii, iwe Langas, Kapsoya ama kule ndani Moiben, Sungura ulimjua kabla hujajua kusoma. Mdogo, mjanja, hana nguvu lakini ana mdomo. Anamchezea Fisi, anamtoroka Simba, anamuuza Ndovu mchana kweupe. Kile ambacho wengi wetu hatukuambiwa ni kwamba Sungura ana binamu Marekani. Alivuka bahari bila tiketi, ndani ya vichwa vya watu waliofungwa minyororo. Kule walimwita Brer Rabbit, yaani Ndugu Sungura. Na mtu aliyemfanya ajulikane duniani kote kupitia sinema alikuwa mweusi kama wewe, jina lake James Baskett, na usiku ambao filamu yake ilizinduliwa hakuwa ukumbini.

Ngoja nikupeleke polepole.

Baskett alizaliwa Indianapolis, Marekani, tarehe 16 Februari 1904. Ndoto yake ya kwanza haikuwa jukwaa. Alikuwa akisomea famasia, pesa zikakwama, akaacha. Hapo nilimpenda papo hapo, maana mimi pia chuo kilinishinda katikati na najua lile swali la mashangazi kila Krismasi: sasa siku hizi unafanya nini? Jamaa alipata jibu Chicago, akaanza kuigiza, kisha akashika njia hadi New York na kujiunga na kundi la Bill Robinson, yule mcheza densi maarufu waliyemwita Bojangles. Mwaka wa 1929 alikuwa Broadway kwenye onyesho la Hot Chocolates, lile lile ambalo Louis Armstrong alipigia tarumbeta. Miaka ya 30 akaigiza kwenye filamu zilizotengenezewa watazamaji weusi, maana enzi hizo hata sinema ilikuwa na mlango wa weupe na mlango wa wengine. Harlem Is Heaven ya 1932 ni mojawapo.

Halafu akahamia California, na hapo ndipo mambo yanaanza kuwa na ladha chungu.

Mwaka wa 1941 Disney walitoa Dumbo, katuni ya mtoto wa ndovu mwenye masikio makubwa. Kuna kundi la kunguru mle ndani wanaoongea na kuimba kwa lafudhi ya watu weusi. Baskett alitoa sauti ya mmoja wao. Kunguru mkuu, je? Huyo alipewa mzungu, Cliff Edwards, na studioni kunguru huyo aliitwa Jim Crow, jina lile lile la sheria za ubaguzi za kusini mwa Marekani. Baadaye Baskett akaingia redioni kwenye kipindi cha Amos 'n' Andy, akiwa wakili mmoja msemaji sana. Kipindi kilihusu watu weusi. Waigizaji wake wakuu wawili walikuwa wazungu waliokuwa wakiigiza sauti za watu weusi. Sasa wewe fikiria uko studioni, mweusi halisi, umesimama kando ya wazungu wawili wanaolipwa vizuri kukuliko kwa kujifanya wewe. Na kodi ya nyumba inangoja.

Sasa tuje kwa kazi iliyomfanya tumkumbuke. Disney walikuwa wanatafuta mtu wa kutoa sauti ya kipepeo. Ni kipepeo tu, bana! Baskett akaenda kujaribu. Walt Disney akamsikia, akampenda, na badala ya kipepeo akampa nafasi kuu kabisa: Uncle Remus, mzee msimulizi, katika filamu ya Song of the South. Na kwa sababu sauti yake ilikuwa na sakafu nyingi, akapewa pia sauti ya Brer Fox, yaani Mbweha.

Hadithi zenyewe zilitoka kwenye vitabu vya Joel Chandler Harris, mwandishi wa habari mzungu wa Georgia. Alipokuwa kijana alifanya kazi ya uchapaji kwenye shamba moja la watumwa, na hapo ndipo alipozisikia kutoka kwa wazee weusi. Mwaka wa 1880 kitabu chake cha kwanza kikatoka, na msimulizi akabandikwa jina la Uncle Remus. Huku kwetu ukimwita mtu mjomba ama mzee umempa heshima. Kule kusini ilikuwa kinyume: mzungu alimwita mzee mweusi mjomba ili asilazimike kumwita Bwana.

Kwamba hadithi ni za Afrika, hilo halina ubishi mkubwa. Alice Werner, mwanamke Mwingereza aliyefundisha Kiswahili London, alitoa kitabu kuhusu masimulizi ya Wabantu mwaka wa 1933 na sura nzima ndani yake inamfuata huyo Brer Rabbit hadi huku Afrika. Ile hadithi ya Sungura kupiga ngumi sanamu la lami na mkono kunasa, kisha mkono wa pili, kisha miguu? Bara hili linayo katika sura nyingi, ila badala ya lami utasikia ulimbo ama utomvu. Sisemi Sungura wa bibi yako ndiye baba wa Brer Rabbit, kwa sababu wengi wa waliopelekwa Marekani walitoka upande wa magharibi na Kongo. Lakini ukoo ni mmoja. Mnyonge anayeishi kwa akili katikati ya wenye meno: huyo mtumwa alimwelewa haraka sana.

Rudi kwa filamu. Mtoto mzungu, Johnny, anapelekwa kwenye shamba la bibi yake kusini. Wazazi wametengana, mtoto ana huzuni. Anakutana na Uncle Remus, mzee mwenye ndevu nyeupe, ambaye kila tatizo la Johnny ana hadithi ya Sungura ya kulitatua. Hapo picha inabadilika: mzee mwenye nyama na damu anatembea ndani ya dunia ya katuni, ndege wa kuchorwa anatua begani, wanyama wanamsalimia. Kumbuka ni miaka ya 40, hakuna kompyuta. Baskett alipigwa picha akitabasamu na kuongea na hewa, wachoraji wakaja baadaye kumjaza marafiki. Ukitazama macho yake utaapa anamwona yule ndege. Hiyo ni kazi ngumu, na ni kipaji ambacho hata waliochukia filamu walikikubali.

Kwa nini basi walichukia? Kwa sababu ya kile ambacho hakimo. Filamu haisemi ni mwaka gani. Remus anaweza kufunga mzigo na kuondoka, kwa hivyo pengine utumwa umeisha, lakini watu weusi bado wako shambani, bado wanaimba wakienda kazini, bado wamefurahi ajabu. Hakuna anayedai chochote. Mzee Remus hana mke, hana mtoto, hana shida yake mwenyewe. Shida yake ni shida ya Johnny.

Ili uelewe uzito wake, ilete Uasin Gishu. Mwaka wa 1908 Makaburu wakiongozwa na Jansen van Rensburg walifika huku na magari ya kukokotwa na ng'ombe. Ardhi ikakatwa mashamba yenye nambari, na mji wetu ukamea kwenye shamba nambari 64, ndiyo maana wazee hadi leo wanauita Sisibo. Sasa mtu atengeneze filamu ya watoto kuhusu shamba moja la masetla, miaka ya 1920. Kuna mpishi mzee Mwafrika. Hana kipande shingoni, hana kodi ya kichwa, wala hakuna anayeuliza ardhi ilikuwa ya nani. Kazi yake ni kumsimulia mtoto wa memsahib hadithi za Sungura, kisha jioni anarudi kibandani akiimba. Nyimbo tamu, rangi nzuri, machweo ya jua ya kutoa machozi. Ungempeleka nyanya yako aitazame? Na usicheke sana, kwa sababu Out of Africa ya 1985, iliyopigwa hapa hapa Kenya, ilizoa Oscar 7 kwa kuilillia Kenya ya masetla. Hamu ya zamani ni tamu, lakini uliza kila mara ni zamani ya nani.

Disney mwenyewe alihisi moto unakuja. Alimleta Maurice Rapf, mwandishi wa mrengo wa kushoto, apunguze makali ya maandishi. Rapf hakudumu.

Tarehe 12 Novemba 1946, Song of the South ikazinduliwa Atlanta, Georgia, katika ukumbi wa Fox. Atlanta ilikuwa mji wa ubaguzi wa kisheria. Mwigizaji mkuu wa filamu hangeweza kushiriki sherehe zile kama wenzake wazungu, kwa hivyo hakuenda. Sura yake ilikuwa kwenye pazia kubwa kuliko ya kila mtu, watu wanacheka, watu wanalia, na yeye hayupo. Na mji huo ulikuwa umeshafanya hivyo. Mwaka wa 1939, Gone with the Wind ilipozinduliwa Atlanta, Hattie McDaniel hakuwepo. Huyo huyo McDaniel yumo pia ndani ya Song of the South, kama mpishi. Sijui walikuwa wakiongea nini wawili hao wakingoja taa ziwekwe sawa, lakini ningelipa kusikia.

Wiki mbili baadaye Walter White, kiongozi wa chama cha haki za weusi cha NAACP, akatuma telegramu kwa magazeti. Alisifu ufundi wa filamu, kisha akailaumu kwa kupaka rangi nzuri uhusiano wa bwana na mtumwa. Yeye mwenyewe alitegemea ripoti za watu wake walioitazama. New York waandamanaji wakasimama nje ya ukumbi na mabango.

Sasa mweke Baskett katikati hapo. Wazungu wa Atlanta hawamtaki ndani, na weusi wenzake wako nje na mabango. Kuna watu wakisikia hadithi hii wanamwita msaliti mara moja. Mimi siwezi. Angalia nafasi zilizokuwepo: kunguru, kipepeo, mtumishi, mjomba. Na kabla hujahukumu, kumbuka filamu ya Kiingereza ya 1935, Sanders of the River, inayomsifu mkoloni mwema anayewanyoosha Waafrika. Nyota wake alikuwa Paul Robeson, ambaye baadaye aliikana. Na miongoni mwa Waafrika waliolipwa kusimama nyuma kama machifu alikuwemo mwanafunzi mmoja wa Kenya asiye na hela, aliyekuwa London akitetea ardhi ya watu wake. Unaibeba sura yake mfukoni kwenye noti za zamani. Ndiyo, Jomo Kenyatta.

Njaa haisomi maandishi ya filamu kwanza.

Walt Disney, kwa upande wake, alimpigania Baskett. Alishinikiza apewe Oscar, akisaidiwa na mwandishi wa udaku Hedda Hopper, na tarehe 20 Machi 1948 ikatoka: Oscar ya heshima, iliyokabidhiwa na Ingrid Bergman. Baskett akawa mwanamume mweusi wa kwanza kupata Oscar ya aina yoyote kwa uigizaji. Soma lakini maneno madogo: ilikuwa tuzo ya heshima, nje ya mashindano, na ilimsifu kwa kuwa Uncle Remus, rafiki wa watoto. Mwanamume mweusi kushinda akipambana na wazungu kwa nafasi kuu, dunia ilingoja hadi 1964, Sidney Poitier.

Afya yake ilikuwa imeshaharibika. Kisukari kilikuwa kinamla, moyo umechoka. Tarehe 9 Julai 1948, hata miezi 4 haijaisha tangu ashike ile sanamu, akafa. Alikuwa na miaka 44. Mzee Remus mwenye ndevu nyeupe, kumbe alikuwa kijana wa miaka arobaini na kitu aliyepakwa uzee. Walimzika Indianapolis, makaburi ya Crown Hill.

Filamu iliendelea kuishi bila yeye. Ilirudishwa kwenye kumbi mara kadhaa, mara ya mwisho Marekani ikiwa 1986. Mwaka wa 1989 Disney wakafungua mchezo wa maji wa Splash Mountain, wenye Sungura, Mbweha na Dubu wote, ila Uncle Remus aliondolewa. Fikiria hilo: walibakisha wanyama na wimbo, wakamtoa mtu. Mwaka wa 2023 mchezo wenyewe ukafungwa ili ubadilishwe. Filamu haijawahi kuuzwa kwa kanda wala diski Marekani, na kwenye Disney+ utatafuta hadi bando liishe.

Wapo wanaosema ifungiwe milele. Wapo wazee wa Marekani wanaoililia kwa sababu inawakumbusha utoto wao, na wengi wao hawana ubaya. Mimi naona kuificha kunamwumiza Baskett mara ya pili, kwa sababu kosa la maandishi halikuwa lake lakini kazi bora ya maisha yake ndiyo iliyofungiwa kabatini. Ioneshwe, na anayeionesha aseme wazi ni nini.

Vipande vyake viko mtandaoni. Ukipata kile ambacho Sungura anawadanganya Mbweha na Dubu kwamba anajua mahali pa kucheka, sikiliza kwa makini. Mwigizaji wa kawaida wa sauti ya Sungura, Johnny Lee, alikuwa safarini akiburudisha wanajeshi, kwa hivyo Baskett akaifanya na hiyo. Msimulizi ni yeye, Mbweha ni yeye, na Sungura anayewacheka wote ni yeye.