Sheikh Adi bin Musafir wa Lalish

Ndugu wa chama chetu wameniomba niandike habari za mja mmoja mwema katika waliotangulia. Nimemchagua Sheikh Adi bin Musafir. Jina lake hapa kwetu Bujumbura wengi hawalijui, ingawa rafiki yake, Sheikh Abdulkadir Jilani, hutajwa kila penye dhikri ya Kadiria.

Sheikh Adi alizaliwa katika miaka ya 1070 ya Miladi, katika bonde la Bekaa, upande wa Baalbek, nchi ambayo leo ni Lebanoni. Nasaba yake yarudi kwa Marwan bin al-Hakam, yaani alikuwa katika kizazi cha Bani Umayya. Alipokuwa kijana aliiacha nchi yake akaenda Baghdad kutafuta elimu. Huko ndiko alikokutana na Sheikh Abdulkadir, na wote wawili walichota kwa Sheikh Hammad al-Dabbas. Jilani alimsifu sana mwenzake kwa ibada na kujinyima.

Lakini mji mkubwa haukumfaa. Mwanzoni mwa karne ya 12 alipanda milima ya Wakurdi, kaskazini ya Mosul, akakaa katika bonde dogo lenye chemchemi liitwalo Lalish. Alijenga zawiya, watu wa milimani wakamjia makundi kwa makundi, na tarika yake ikaitwa Adawiya. Watu wale walikuwa na mila zao za kale, za zamani kuliko kuja kwake. Sheikh aliishi nao kwa upole, hata wakampenda mapenzi yaliyopita kiasi. Aliandika kitabu kifupi cha itikadi ya Ahli Sunna wal Jamaa, na ndani yake hamna jambo ambalo mwalimu wa chuo angeona haya kulisomesha. Alifariki akiwa mzee sana, mwaka wa 557 wa Hijra, sawa na 1162, akazikwa papo hapo Lalish.

Hakuacha mtoto. Zawiya ilishikwa na mwana wa ndugu yake, kisha na wajukuu wa ukoo huo, na kila kizazi kilipopita watu walizidi kumtukuza yule mzee aliyelala kaburini. Mwanahistoria Ibn Khallikan, aliyeishi karne ya 13, alieleza kwamba wafuasi walikuwa wamemfanya kama kibla chao. Hata Ibn Taymiya, ambaye ukali wake wajulikana, aliwaandikia wafuasi hao barua ndefu: aliwakataza kupita mipaka, lakini Sheikh mwenyewe alimtaja kwa wema. Ikawa polepole mila ya milimani na mapenzi ya Sheikh yakachanganyika, ikazaliwa dini ya peke yake. Hao ndio Wayazidi. Wanasema Kikurdi, wanamwamini Mungu mmoja na malaika saba, na mkuu wa malaika hao humwita Malaika Tausi. Mpaka leo wana tabaka za masheikh, mapiri na wamuridi, majina yaliyobaki kutoka zawiya.

Watu wa nje walisema Malaika Tausi ndiye Ibilisi, na jina la waabudu shetani likawaganda. Wenyewe hulikataa kabisa. Nami nakiri mbele yenu kwamba nilipokuwa mwalimu kijana niliwaambia wanafunzi wangu maneno hayo hayo, kwa kuwa niliyasikia, wala sikuuliza. Kumbe maneno hayo yameua watu.

Badruddin Lulu, mtawala wa Mosul, alimwua Sheikh Hasan wa ukoo wa Adi mwaka wa 1246. Mwaka wa 1254 aliwapiga Adawiya vita, akaifukua mifupa ya Sheikh Adi na kuichoma moto. Fikirini: mifupa ya sahibu yake Jilani! Mwaka wa 1415 kaburi lilibomolewa tena. Mwaka wa 1832 Amiri wa Rawanduz aliwachinja maelfu, na mwaka wa 1892 jeshi la Uthmania liliiteka Lalish na kuigeuza madrasa. Wenyewe waliirudia baada ya miaka kadhaa.

Kisha yakaja ya zama zetu. Tarehe 3 Agosti 2014 kundi lililojiita Dola ya Kiislamu liliingia Sinjar. Wanaume waliuawa, na watu zaidi ya 6,000, wengi wao wanawake na watoto, walitekwa; mabinti waliuzwa sokoni. Mwezi wa Septemba mwaka huo huo wanazuoni zaidi ya 120 wa nchi mbalimbali walimwandikia mkuu wa kundi hilo, wakamweleza kwamba utumwa huo ni haramu, na kwamba Wayazidi wahesabiwe pamoja na watu wa kitabu. Waraka huo haukusomwa katika misikiti mingi ya huku kwetu, nao ulistahili kusomwa. Mwaka wa 2016 tume ya Umoja wa Mataifa ilitamka kwamba yaliyotendeka yalikuwa mauaji ya kimbari, neno ambalo sisi wa nchi hizi hatuhitaji kufasiriwa.

Mabinti walipoanza kutoroka, kwao iliogopwa kwamba hawatapokewa, maana desturi ilikuwa kali: aliyetoka katika dini yao, hata kwa nguvu, hakurudi. Mkuu wao wa dini, Baba Sheikh Khurto Hajji Ismail, aliamuru wapokewe kwa heshima. Wakapelekwa Lalish, wakavua viatu mlangoni kama ilivyo ada, wakaoshwa kwa maji ya chemchemi nyeupe, karibu na kaburi la Sheikh Adi.