Mwenye Heri Anuarite na Mungu Aliyetwaa Mwili Wetu



Katekisimu yatufundisha kwamba Mwana wa Mungu, Nafsi ya Pili ya Utatu Mtakatifu, alijifanya mtu kwa ajili ya wokovu wetu. Alitwaa mwili na roho kama vyetu katika tumbo la Bikira Maria, kwa uwezo wa Roho Mtakatifu. Hakuacha kuwa Mungu, wala hakuvaa mwili kama mtu avaavyo nguo asubuhi apate kuivua jioni. Yeye ni Mungu kweli na mtu kweli, Nafsi moja tu. Aliona njaa, alichoka kwa safari, alilia kwenye kaburi la rafiki yake, na mwisho alikufa msalabani.

Labda mmoja wenu ajiuliza kwa nini Mungu alishuka hata huko, naye angeweza kutuokoa kwa neno moja toka mbinguni. Angeweza, ndiyo. Lakini upendo haukai mbali na yule anayependwa. Kwa kuwa Yesu ni mtu, aliweza kuteswa na kufa kwa ajili yetu. Na kwa kuwa ni Mungu, sadaka yake yatosha kwa dhambi za watu wote. Alituokoa kwa mwili wake. Basi mwili wa mtu, hata wa mtu maskini kabisa, si kitu cha kuchezewa.

Fumbo hili ni kubwa, na akili yetu ni ndogo. Kwa hiyo na tutazame maisha ya binti mmoja wa nchi yetu, ambaye aliliamini akaliishi mpaka kufa: Sista Marie-Clémentine Anuarite Nengapeta.

Utoto wake

Alizaliwa tarehe 29 Desemba 1939 karibu na Wamba, upande wa kaskazini-mashariki ya Kisangani, katika kabila la Wabudu. Wazazi wake walikuwa Amisi na Isude. Walimpa jina la Nengapeta, ambalo kwa Kibudu maana yake ni kwamba mali hudanganya. Mwaka 1943 alibatizwa pamoja na mama yake, akaitwa Alphonsine. Siku zile nchi ya Wamba ilikuwa bado chini ya Vikarieti ya Stanley Falls, upande wa Stanleyville, mji tuuitao leo Kisangani.

Alipopelekwa shuleni aliandikwa kwa kosa jina la dada yake, Anuarite, nalo likamkaa mpaka leo. Maana yake, wasema Wabudu, ni mtu anayeicheka vita. Hakuna aliyejua siku ile jinsi jina hilo la kuazima litakavyomfaa.

Nyumba yao haikukosa machozi. Isude alizaa mabinti sita, wala hakupata mtoto mume. Kwa sababu hiyo Amisi alimwacha, akaoa mwanamke mwingine. Wengi kati yenu mwajua uchungu wa jambo kama hilo. Mtoto aliyekua katika nyumba ya namna hiyo angeweza kujifunza chuki mapema. Anuarite alijifunza kusamehe.

Katika nyumba ya masista

Huko Bafwabaka palikuwa na nyumba ya Masista wa Jamaa Takatifu, shirika la masista Waafrika lililoanzishwa na Baba Askofu Camille Verfaillie wa Stanleyville. Anuarite alitamani kuwa mmoja wao. Mama yake alikataa, kwani aliona mtoto bado ni mdogo. Basi siku moja lori lilipokuja kuwachukua wasichana waliokwenda kuanza utawa, Anuarite alipanda kwa siri pamoja nao. Baadaye mama aliridhika.

Tarehe 5 Agosti 1959 aliweka nadhiri zake, akaitwa Sista Marie-Clémentine. Wazazi wake walikuja wakawapa masista mbuzi wawili, kama ishara ya furaha kwamba wamemtoa mtoto wao kwa Mungu.

Je, alifanya kazi gani kubwa? Alipika jikoni. Alitunza sakristia. Alifundisha watoto wa shule ya msingi. Msidhani alizaliwa malaika: moyo wake ulikuwa mwepesi kuumia, naye aliona shida wenzake walipokuwa walegevu kazini. Katika daftari lake aliandika maazimio yake, apate kumpendeza Yesu peke yake. Alipotumwa kufanya kazi ambayo wengine waliikwepa, aliifanya.

Wakatekumeni, hapa tusimame kidogo. Mwana wa Mungu alikaa miaka mingi Nazareti katika nyumba ya fundi seremala, akifanya kazi kwa mikono yake. Miaka ile haikuwa ya bure, kwa sababu kila tendo la Mungu aliyejifanya mtu ni sehemu ya wokovu wetu. Tangu hapo mikono inayoshika jembe, mchi au chaki yaweza kumtukuza Mungu, ikiwa moyo umeungana na Kristo.

Usiku wa Isiro

Mwaka 1964 vita ya waasi walioitwa Simba ilienea upande wa mashariki ya Kongo. Mwezi wa Agosti waliuteka mji wa Stanleyville, wakaufanya makao yao makuu. Tarehe 24 Novemba askari Wabelgiji walishuka mjini kwa miavuli, na Simba wakapoteza mji. Katika hasira yao waliua watu wengi, weusi na weupe, wenye vyeo na raia wa kawaida. Tarehe 26 Novemba Baba Askofu Joseph Wittebols aliuawa Wamba.

Tarehe 29 Novemba, Jumapili ya kwanza ya Majilio, Kanisa lilipokuwa linaanza kungojea Noeli, Simba walifika Bafwabaka. Waliwapakia masista katika lori, wakisema kwamba wanawapeleka Wamba wapate usalama. Lakini njia iligeuzwa kuelekea Isiro, mji ulioitwa siku zile Paulis. Njiani walinyang'anywa rozari na medali zao. Anuarite alikuwa na sanamu ndogo ya Bikira Maria aliyoificha mfukoni.

Walifika Isiro usiku wa tarehe 30. Mkubwa mmoja wa waasi alimtaka Anuarite awe mke wake. Alikataa. Wakubwa wengine wakamtisha, wakamwahidi mema, wakamtisha tena, alikataa tena. Alikuwa ameutoa mwili wake kwa Yesu, na kitu kilichotolewa sadaka hakirudishwi sokoni. Msidhani hakuogopa. Aliogopa sana, hata hakuweza kula. Aliwaomba masista wenzake wamwombee. Yesu mwenyewe alitetemeka katika bustani ya Getsemani, kwani mwili wake ulikuwa mwili kweli.

Kisha Kanali Pierre Olombe alitaka kumchukua kwa nguvu katika gari pamoja na sista mwingine. Anuarite alipokataa, alimpiga kwa kitako cha bunduki. Katikati ya mapigo yale Anuarite alimwambia kwamba anamsamehe, kwa kuwa hajui alitendalo. Olombe akaita askari wamchome, kisha yeye mwenyewe akampiga risasi. Anuarite alikufa usiku ule, tarehe 1 Desemba 1964. Alikuwa na umri wa miaka 24.

Alizikwa huko Isiro katika kaburi la watu wengi, wala hapakuwa na misa ya maziko. Baadaye mwili wake ulitafutwa, ukatambuliwa, ukazikwa kwa heshima. Tarehe 15 Agosti 1985, sikukuu ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni mwili na roho, Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Mwenye Heri huko Kinshasa. Siku ileile Papa, kwa jina la Kanisa zima la nchi yetu, alimsamehe yule aliyemwua. Sikukuu ya Anuarite ni tarehe 1 Desemba.

Fundisho kwetu

Wengine humsifu Anuarite kwa ushujaa wake tu. Lakini mashujaa wapo hata kati ya wasioamini. Tofauti ni hii: shujaa wa dunia hufa akimchukia adui yake, lakini Anuarite alikufa akimtakia adui yake wokovu. Nguvu hiyo haitoki kwa mwanadamu. Yatoka kwa Mungu aliyetwaa mwili, akatundikwa msalabani, akawaombea waliompigilia misumari. Kwa ubatizo twaunganishwa naye kama tawi na mti wake, na uzima wake waingia ndani yetu. Huo ndio wokovu: si kuondolewa adhabu tu, bali kuishi uzima wa Mwana wa Mungu, hapa duniani na, siku ya ufufuko, hata katika mwili huu.

Ndugu mkatekumeni, nchi yetu imeona vita nyingine nyingi baada ya ile. Huenda kuna mtu katika kijiji chako aliyeiua jamaa yako, au aliyekula mali yako, au aliyeivunja nyumba ya mama yako. Wajifunza sala, wajua amri kumi, wahesabu miezi mpaka siku ya ubatizo. Je, jina la mtu yule bado ni sumu moyoni mwako? Usilete sumu hiyo kwenye maji matakatifu. Kusamehe si kusema kwamba ubaya ni wema, wala si kumzuia hakimu kufanya kazi yake. Ni kukataa kuwa mtumwa wa chuki, na kumwombea aliyekukosea apate kuokoka.

Jumapili, katika Nasadiki, tufikapo mahali panaposema kwamba Mwana wa Mungu alipata mwili, twainamisha kichwa. Siku ya Noeli twapiga magoti. Uinamapo, mkumbuke yule mtu kwa jina lake, umwombee. Kwa maana Mkombozi aliyeshuka kwa ajili yako ameshuka kwa ajili yake pia.

Mwenye Heri Anuarite, utuombee.