MWALIMU: MIGUU ILIKUWA IMARA, DAMU IKASEMA MENGINE

Kila ikifika Oktoba 14 tunabishana siasa za Mwalimu. Leo naomba tuongelee damu yake.

Kambarage alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922, mtoto wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki. Mwaka 1934 akaanza shule pale Mwisenge, Musoma. Halafu Tabora, Makerere, Edinburgh, TANU 1954, Uhuru 1961... hayo mnayo. Ila sie wa Bunda tuna letu: Oktoba 1967 mzee alitembea kwa miguu toka Butiama mpaka Mwanza, zaidi ya kilomita 200, kuunga mkono Azimio la Arusha. Rais huyo, bana!

Aling'atuka 1985, akarudi Butiama kulima. Mwaka 1998 ikagundulika ana saratani ya damu. Hakukaa chini, aliendelea kusuluhisha Warundi kule Arusha. Septemba 1999 akalazwa hospitali ya St Thomas', London, na Oktoba 14 akatutoka akiwa na miaka 77. Tarehe 23 alizikwa Butiama.

Wengi walishtuka, manake kwa macho mzee alikuwa ngangari. Ndipo ninapotaka tufike. Chembe nyeupe za damu ni askari wa mwili. Kwenye saratani hii askari wabovu wanazaliana bila kipimo na kuwabana wazima. Ikiwa ni ile ya kwenda taratibu, mtu anaweza kukaa miaka bila kusikia kitu, huku maabara wakihesabu tu chembe wanaiona.

Askari hao hao ndio wanaomsumbua aliyepandikizwa moyo wa mtu mwingine: wanauona mgeni, wanaushambulia. Zamani ili kujua ilibidi daktari apitishe waya kwenye mshipa wa shingo akanyofoe kinyama cha moyo. Siku hizi kwa wagonjwa wengi huko ng'ambo wanaanza na damu. Moyo ukishambuliwa, seli zake zinakufa na kumwaga DNA ya aliyeutoa kwenye damu ya mgonjwa. Ikipanda, daktari anashtuka mapema, kabla mgonjwa hajaanza kuhema.

Somo ni moja: damu inasema kabla mwili haujalalamika. Simaanishi kipimo kingemponya Mwalimu, la hasha. Ila huku kwetu mtu anapima malaria tu, ikikosekana anarudi nyumbani na panadol. Homa zisizoisha, kukonda, matezi shingoni... omba wakuhesabie chembe za damu. Kule Kwangwa, Musoma, hospitali ya rufaa imepewa jina la Mwalimu. Tusiishie kulisoma kwenye kibao tukiwa ndani ya daladala.

Haya, wewe mara ya mwisho kupima damu, ukiacha malaria, ni lini? Mwaga maoni hapo chini, matusi hapana.