Jacques Henri Lartigue

Jacques Henri Lartigue (Courbevoie, Ufaransa, 13 Juni 1894 – Nice, Ufaransa, 12 Septemba 1986) alikuwa mpiga picha na mchoraji wa Ufaransa. Anakumbukwa hasa kwa picha za magari, ndege za mwanzo na maisha ya matajiri wa nchi yake katika karne ya 20. Picha ya gari la mbio lenye gurudumu lililolala mbele, aliyoipiga mwaka 1912, ni kati ya picha za magari zinazojulikana zaidi duniani.

Maisha ya awali

Lartigue alizaliwa katika familia tajiri iliyohamia Paris alipokuwa mtoto mdogo. Baba yake, Henri, alipenda sana kupiga picha, akampa kamera yake mwenyewe mwaka 1902. Kaka yake Maurice, aliyeitwa Zissou nyumbani, alitengeneza vigari vya kuteremkia mlimani na vyombo vya kuruka angani. Jacques Henri alivipiga picha vikiwa katika mwendo. Tangu utotoni alibandika picha zake katika albamu na kuandika shajara, kazi aliyoiendeleza maisha yake yote.

Picha za magari

Wakati huo gari lilikuwa chombo cha watu wachache wenye fedha, na mbio za magari zilifanyika katika barabara za kawaida za mashambani. Mwezi Juni 1912 Lartigue alihudhuria Grand Prix ya Ufaransa karibu na Dieppe, Normandy. Gari namba 6 lilipopita, aligeuza kamera kulifuata.

Ndani ya kamera yake kulikuwa na pazia lenye upenyo mwembamba. Upenyo huo ulipita juu ya bamba la kioo kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, kwa hiyo sehemu mbalimbali za picha hazikupata mwanga kwa wakati mmoja. Sehemu ya chini ya gari ilinaswa kwanza na ya juu baadaye kidogo. Kwa kuwa gari lilikwenda kasi kuliko mkono wa mpiga picha, gurudumu la nyuma lilitoka kama yai lililoinamia mbele. Watazamaji na nguzo za kando ya barabara ziliinamia upande wa pili, na sehemu ya mbele ya gari ilikatika.

Kwa kanuni za siku hizo picha hiyo ilikuwa imeharibika, na kwa miaka mingi Lartigue mwenyewe hakuihesabu kati ya kazi zake nzuri. Baadaye ilisifiwa kwa sababu hiyohiyo: umbo la gari lenyewe linaonyesha kasi, hata pale picha inapotundikwa ukutani imetulia. Kwa muda mrefu iliandikwa kuwa ni gari la Delage la mwaka 1913. Watafiti walithibitisha baadaye kwamba ni Théophile Schneider lililoendeshwa na René Croquet mwaka 1912.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza aliendelea kupiga picha magari ya kifahari, yakiwemo ya Hispano-Suiza, pamoja na jamaa na marafiki waliosafiri nayo.

Uchoraji na kutambuliwa

Mwaka 1915 alisoma uchoraji katika Académie Julian, Paris. Alijihesabu kuwa mchoraji, na tangu miaka ya 1920 alionyesha michoro yake hadharani. Picha zake nyingi zilibaki ndani ya albamu.

Mwaka 1962 alisafiri kwenda Marekani pamoja na mke wake Florette. Picha zake zilimfikia John Szarkowski wa Museum of Modern Art mjini New York, naye akaandaa maonyesho mwaka 1963, Lartigue akiwa na umri wa miaka 69. Mwaka huohuo gazeti la Life lilizichapisha katika toleo lililokuwa na habari za kuuawa kwa Rais John F. Kennedy, hivyo zikaonwa na watu wengi sana. Mwaka 1970 mpiga picha Richard Avedon alihariri kitabu cha kazi zake. Mwaka 1974 Lartigue alipiga picha rasmi ya Rais Valéry Giscard d'Estaing.

Urithi

Mwaka 1979 aliikabidhi serikali ya Ufaransa albamu, shajara na picha zake, zinazozidi 100,000.

Maonyesho ya 1963 yalimtambulisha kama mtoto mwenye kipaji aliyepiga picha bila kufundishwa. Maelezo hayo yalipingwa baadaye, hasa na mwanahistoria Kevin Moore katika kitabu chake cha 2004. Kwa maoni yake, Lartigue alikulia katika mazingira yenye magazeti ya upigaji picha na vifaa bora, na alifahamu vizuri mitindo ya wakati wake.